Aksoloti Akiugua, Anza na Maji

Siku ya kwanza nilidhani Tui, aksoloti wetu, kanuna. Alikuwa amejibanza kwenye kona ya tangi, pua imeelekea kioo, na yale matamvua yake ya kupumulia ambayo kwa kawaida hutanuka pande zote mbili za shingo yalikuwa yamejikunja kuelekea mbele. Nilimshushia kipande cha nyungunyungu kwa kibano. Akakifyonza, akakaa nacho mdomoni kitambo, akakitema. Siku ya pili hakufungua mdomo kabisa. Siku ya tatu nikaona kwenye ncha ya tamvua moja kitu cheupe, laini kama usufi, nikajisemea: fangasi huyo. Nikatoka mbio hadi dukani, nikarudi na kichupa cha dawa ya fangasi ya samaki, nikamimina kipimo kilichoandikwa.

Fangasi alikuwapo kweli. Ila siye aliyekuwa akimuumiza Tui.

Kwa asiyemfahamu, aksoloti ni salamanda wa Mexico, na wataalamu humwita Ambystoma mexicanum. Salamanda wengi wa jamii yake huanza maisha majini wakiwa na matamvua, kisha matamvua hunyauka nao wakatoka kuishi nchi kavu, kama kiluwiluwi anavyogeuka chura. Aksoloti haendi huko. Anakomaa, anataga, anazeeka akiwa na umbo lile lile la utotoni, matamvua kayavaa nje ya mwili kama mapambo. Akitunzwa vizuri hufika miaka 10 hadi 15. Kwao ni kwenye mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, na huko hali yake ni mbaya: watafiti walikadiria aksoloti 6,000 kwa kila kilomita ya mraba mwaka 1998, na 36 tu mwaka 2014. Kwenye maabara na majumbani, hata hivyo, wamejaa, na wengi wao ukoo wao unarudi kwa kundi dogo la wanyama 34 waliopelekwa Paris miaka ya 1860. Watoto wa siku hizi wanamjua kwa mchezo wa Minecraft, alimoingizwa mwaka 2021. Huko ndiko mwanangu alikomwona kabla hajaanza kunisumbua hapa Glasgow tunakoishi. Wetu ni mweupe, macho meusi, matamvua mekundu. Mtoto akasema ana rangi ya tui la nazi, na jina likawa hilo.

Dalili chache, sababu nyingi

Mbuzi akiumwa utamwona anachechemea, anakohoa, anaharisha. Kila ugonjwa una namna yake ya kujitangaza. Aksoloti maneno yake ni machache, na hayo machache anayatumia kwa kila kitu. Matamvua yaliyojikunja mbele yanaweza kuwa ni mkondo wa kichujio unaomsukuma mchana kutwa, amonia kwenye maji, au joto. Ncha ya mkia iliyojipinda kama ndoana, vivyo hivyo. Kukataa chakula kunaweza kuwa choo kigumu, joto limezidi, baridi imezidi, sumu kwenye maji, au nyungunyungu wenyewe ni wale wadogo wekundu wa kwenye mboji, ambao wakiguswa hutoa majimaji machungu. Aksoloti mzima kabisa atamtema mmoja wa hao bila kufikiri mara mbili.

Kwa hiyo swali la «dalili hii ni ya ugonjwa gani?» mara nyingi halina jibu. Dalili inakwambia tu kwamba mnyama hayuko sawa. Lenye jibu ni hili: ni kitu gani kimebadilika pale anapoishi? Aksoloti hana magamba. Ngozi yake ni laini, yenye utelezi, na anavuta hewa kwa ngozi hiyo, kwa matamvua, na kwa mapafu anayoyatumia anapopanda juu kugugumia hewa. Kilichomo majini kinaingia mwilini mwake moja kwa moja. Ndiyo maana watu wenye uzoefu, ukiwaambia aksoloti wako anaumwa, hawakuulizi kwanza anaonekanaje. Wanakuuliza vipimo vya maji.

Nami sikuwa nimepima kwa wiki tatu. Nilikuwa zamu za usiku kazini, maji yanaonekana meupe pe, nikaona hayana neno.

Amonia, na mtego wa maji laini

Mkojo, kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo huunguza matamvua. Tangi lililokomaa lina bakteria wanaoishi hasa kwenye sponji ya kichujio: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mnyama huivumilia kwa kiasi mpaka uiondoe kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kuwakuza bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 8, na kazi hiyo inatakiwa iishe kabla mnyama hajaingia. Anayenunua tangi na aksoloti siku moja amenunua matatizo ya mwezi mzima. Vipimo vinavyotakiwa ni amonia 0, nitriti 0, nitrati chini ya 20 ikiwezekana (zote ni miligramu kwa lita), na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi imezidi, kati ya 7 na 8, bora zaidi ikizunguka 7.5.

Mimi nilikuwa nimesubiri zile wiki zote. Nilijiona mwanafunzi mzuri. Kwa hiyo usiku ule, dawa ya fangasi ikiwa tayari majini, nilipotoa vichupa vya matone nikapima kwa kutimiza wajibu tu, sikuamini nilichokiona. Rangi ya amonia, ambayo inapaswa kubaki njano kama mafuta ya kupikia, ilikolea ikawa kijani. Nikaisogeza kwenye kadi: 4. Nitrati ilikuwa juu. (Kichupa cha pili cha nitrati kitikise kwa nguvu nusu dakika nzima, ukigonge kiganjani, maana unga wake hutuama chini, usipofanya hivyo kipimo kitakudanganya kwamba mambo ni safi.) Na pH ilikuwa 6.0, ilhali maji ya bomba ya nyumba yangu hutoka na 7.6.

Hapo ndipo penye fundo, na linawanasa wengi wanaoishi kwenye maji laini. Glasgow hunywa maji ya ziwa la Loch Katrine tangu mwaka 1859, na maji hayo ni laini mno, karibu kama ya mvua. Sabuni inatoa povu mpaka raha, birika halishiki ukoko. Lakini wale bakteria wanapogeuza amonia hutoa asidi, na kinachoimeza asidi hiyo ni kaboneti iliyomo majini. Maji magumu kama ya London yana akiba kubwa ya kaboneti. Yangu hayana. Wiki tatu bila kubadilisha maji, kaboneti ikaisha, pH ikaporomoka. pH ikishuka chini ya 6.5 bakteria wanalegea, na ikifika 6 wanakaribia kusimama kabisa. Amonia ikaanza kujikusanya bila wa kuigeuza. Halafu mimi nikaongezea dawa ya fangasi, ambayo huwadhuru hao hao bakteria waliobaki wanahema.

Sasa sikiliza sehemu ambayo ingeweza kumuua. Kile kipimo cha matone hujumlisha vitu viwili: amonia yenyewe, ambayo ndiyo kali, na amoniamu, ambayo ni pole zaidi. Ni pH na joto vinavyoamua kipi kiwe kingi. Kwenye pH 6 karibu yote ni amoniamu, ndiyo maana Tui alikuwa bado hai kwenye maji ya namba 4. Mtu akiona amonia 4, akili ya haraka ni kumwaga nusu ya maji na kujaza mapya. Ukijaza maji ya pH 7.6, pH ya tangi inapanda, na ile amoniamu iliyokuwa imelala inaamka kuwa amonia. Kutoka pH 6 hadi 7.6, fungu la ile kali linakua karibu mara 40. Umepunguza jumla kwa nusu, umezidisha ukali mara 20. Watu wengi wamebadilisha maji jioni kwa nia njema, asubuhi wakamkuta mnyama chali.

Nilichofanya ni kumtoa. Nilimweka kwenye beseni la plastiki lenye kifuniko, jipya, ambalo halijawahi kuonana na sabuni, lenye maji yaliyotolewa klorini na yenye joto lile lile la tangi. Kubadilika ghafla kwa pH nako ni mshtuko, sikatai, lakini kwenye maji yasiyo na amonia pH ikipanda haina cha kugeuza sumu. Kila siku nilibadilisha maji ya beseni yote, asilimia 100. Maji ya kesho niliyaandaa leo kwenye ndoo, yakalala chumba kile kile ili joto lilingane. Kuhusu klorini: kuacha maji yalale usiku kucha wazi kunasaidia kama bomba lenu linatumia klorini tupu; kama ni kloramini, haiondoki kwa kulazwa, inahitaji dawa yake. Na dawa hiyo isome kichupa. Zile zilizotiwa mshubiri «kwa ajili ya ngozi ya samaki» si za aksoloti.

Tangi lilibaki bila mwenyeji wiki tano. Niliondoa maji yote, nikaanza upya, na ndani ya kichujio nikatia mfuko wa wavu wenye matumbawe yaliyopondwa, ambayo huyeyuka polepole na kurudisha kaboneti kila maji yanapoanza kuwa na asidi. Mawe yale yale waliyojengea nyumba za Mji Mkongwe, hapa nimeyanunua kwa gramu kama dhahabu. Sponji nasuuza kwenye beseni la maji ya tangi lenyewe. Ukiisuuza bombani, klorini inawamaliza wafanyakazi wako wote kwa mara moja.

Joto

Ndugu yangu wa Dar es Salaam alipoona picha za Tui aliniuliza kama naye anaweza kufuga mmoja. Nilimuuliza chumba chake kina joto gani saa nane mchana. Akacheka.

Xochimilco iko juu, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, kuipita Nairobi kwa mita 400 na ushei. Mnyama wa huko anataka maji ya nyuzi 16 hadi 18. Zikifika 20 anaanza kupata tabu, na zikivuka 24 ni hatari. Joto linamuumiza kwa njia tatu kwa pamoja: maji ya moto hushika oksijeni kidogo, mwili wake huchemka na kudai oksijeni zaidi, na bakteria na fangasi wanaomshambulia hustawi. Ukimwona anapanda juu kugugumia hewa mara kwa mara, si ile mara moja moja ya kawaida, soma kipimajoto kabla ya kitu kingine chochote.

Njia ya bei nafuu ya kushusha joto anaijua kila aliyelelewa na mtungi wa maji. Mtungi unatoa jasho, jasho linakauka, maji ndani yanapoa. Feni ndogo ikipuliza juu ya uso wa maji, kifuniko kikiwa cha wavu, inafanya kazi hiyo hiyo na kushusha nyuzi 2 hadi 4. Kwenye wiki mbili za kiangazi cha Glasgow inatosha. Kwenye unyevu wa Dar, ambako hata mtungi hupoa kwa shida, haitoshi. Pale utahitaji mashine ya kupoza maji inayounguruma mwaka mzima, na umeme usikatike. Nilimshauri afuge samaki wa maji ya joto. Chupa za barafu watu wanazitumia, mimi sizipendi: joto linashuka saa hizi, linapanda saa zile, na huko kupanda na kushuka kunamchosha mnyama kuliko nyuzi moja ya ziada iliyotulia.

Anapoelea

Hakuna kitu kinachotisha wafugaji wapya kama kumkuta aksoloti anaelea juu kama ndizi. Angalia kama anaweza kushuka akitaka. Akishuka akatulia chini, pengine aliguguma hewa nyingi tu; muache. Asipoweza kushuka, au makalio yamenyanyuka na kichwa kiko chini, mara nyingi ni gesi au choo. Msitishie chakula kwanza, na mpe maji ya kina kifupi ili asihangaike kufika juu.

Choo kigumu nacho kina mkosaji wake maarufu: changarawe. Aksoloti hang'ati chakula, anakifyonza. Anafungua mdomo ghafla, na maji, nyungunyungu na chochote kilicho jirani vinaingia pamoja kama vumbi kwenye fyonza-vumbi. Jiwe la ukubwa wa harage litaingia, na huenda lisitoke. Wauzaji bado wanauza matangi yenye changarawe za rangi rangi na aksoloti ndani yake. Weka mchanga laini, au acha chini patupu. Kama tayari unazo changarawe, toa zote leo, usisubiri mpaka choo kimzibe.

Wengi hutibu choo kwa friji: beseni lenye maji safi, nyuzi 5 hadi 8, siku kadhaa. Baridi hupunguza kasi ya mwili na pengine humfanya atoe alichobana. Mimi naiona kama silaha ya mwisho, ya mnyama aliyekomaa, na baada ya kuongea na daktari. Mnyama aliye mgonjwa wa kitu kingine ukimtia kwenye friji umeongeza mzigo. Kwanza jaribu njaa ya siku chache na maji safi yenye utulivu. Mara nyingi hilo linamaliza kazi.

Na usichanganye kuvimba na shibe, wala shibe na mayai. Jike aliyekomaa hunenepa mwili mzima kwa mayai, na anaweza kutaga mamia kwa usiku mmoja. Kuvimba kwa ugonjwa kunafanana na ngoma: ngozi imekazwa, tumbo linang'aa. Hiyo ni dalili ya maji kujaa mwilini, na mara nyingi figo au moyo vimehusika. Ukoo wa kufugwa umetokana na wachache, na wapo wanaozaliwa na kasoro ambazo hata maji safi kiasi gani hayaziondoi.

Ule usufi mweupe

Sasa turudi kwa fangasi, maana ndiye anayewapeleka watu dukani. Mbegu zake zimo kwenye kila tangi, hata la mnyama mzima. Hushika pale ngozi iliyokwisha dhurika inapompa nafasi: tamvua lililounguzwa na amonia, kidole kilichong'atwa na mwenzake. Kumwondoa fangasi ukaacha amonia ni sawa na kupangusa machozi ya mtu anayemenya vitunguu.

Dawa nyingi za samaki zenye shaba, formalini au ile rangi ya kijani ya malakiti hazimfai. Samaki ana magamba, na kipimo cha samaki kwa aksoloti ni kipimo kikubwa. Kichupa changu kilikuwa na viwili kati ya hivyo.

Tiba za nyumbani ziko tatu zinazozungumzwa. Kuna chumvi: vijiko vidogo 2 kwa lita 1, mnyama anaingizwa dakika 10, zisizidi 15, kisha anarudishwa kwenye maji safi. Inaua fangasi, lakini inaunguza na utelezi wa ngozi na nyuzi za matamvua, ndiyo maana siipendi kwa mnyama aliyekwisha unguzwa. Ushauri wa kawaida ni kutumia chumvi isiyotiwa madini joto. Hapo pana kisa kidogo: madini joto tunatiliwa kwenye chumvi ili tezi la shingo lifanye kazi, na kwa aksoloti homoni ya tezi hilo hilo ndiyo inayoweza kumgeuza salamanda wa nchi kavu, matamvua yakaisha, kope zikaota. Chumvi kidogo ya jikoni haitamgeuza usiku kucha, ila hakuna sababu ya kuichokonoa tezi.

Ya pili ni chai. Ndiyo, chai ya rangi, isiyo na sukari, wala tangawizi, wala iliki. Nimeona nitaje kabla mtu hajaniuliza. Mfuko 1 wa chai nyeusi kwa lita 10 hivi, uchemshwe, upoe kabisa, ndipo uchanganywe na maji ya beseni. Tanini zake hukaza ngozi kidogo na kumpunguza nguvu fangasi mwepesi.

Ya tatu ndiyo iliyonifurahisha. Wauzaji wa vitu vya matangi hapa huuza majani makavu makubwa, mekundu ya kahawia, yaliyofungwa kumikumi kwenye mfuko, eti ya mti wa Asia. Nilipofungua nikanusa utoto wangu: ni majani ya mkungu. Yale yale tuliyokuwa tukiyafagia uani kila asubuhi na kuyachoma moto, huku sisi watoto tukigombania kungu. Nimelipia pauni kadhaa majani kumi, na mama yangu aliposikia alinyamaza kwenye simu kwa muda mrefu. Yana tanini kama chai, ila huachia polepole. Tui alikaa kwenye beseni lenye jani moja, maji yakawa rangi ya chai hafifu, na siku ya sita ule usufi ukadondoka wenyewe.

Yasiyo ugonjwa, na yasiyongoja

Aksoloti mzima anaweza kukaa saa nyingi bila kusogea. Anaweza kuacha chakula siku mbili tatu. Mkubwa hulishwa mara 2 au 3 kwa wiki tu, na hata wiki mbili za njaa hazimuui. Anaweza kuvua utando mwembamba wa ngozi. Anaweza kupoteza kidole au kipande cha tamvua, na kitaota tena, mfupa na neva pamoja. Kwa uwezo huo ndio maana maabara zinampenda. Hana kope, kwa hiyo taa kali inamkera bila yeye kuweza kufumba macho, na kibanda cha kujificha ni haja yake ya kila siku.

Ila ukiona wekundu umetapakaa kwenye mapaja, tumboni au kwenye ngozi ya mkia, kama damu inachungulia chini, huo huenda ni uambukizo wa bakteria uliokwisha ingia damuni, na chai haina kazi hapo. Vilevile kuvimba kama ngoma, kidonda kinachoingia ndani, kushindwa kujigeuza akiwa chali, au mnyama ambaye maji yake yamekuwa sawa wiki nzima na bado anadhoofu. Hao ni wa daktari wa wanyama, na si kila daktari. Piga simu kwanza uulize kama anatibu jamii ya vyura na salamanda. Nenda na maji ya tangi kwenye chupa safi, na vipimo vyako vya siku kadhaa vimeandikwa na tarehe. Msafirishe kwenye beseni lenye kifuniko, ndani ya sanduku la kutunzia baridi. Viuavijasumu vya binadamu vilivyobaki kabatini viache kabatini.

Tui alikula siku ya tisa. Nilikuwa nimekata tamaa ya kumshushia nyungunyungu kila jioni na kumrudisha kwenye udongo wake, nikawa nafanya kwa mazoea tu, macho kwenye televisheni. Nikasikia ule mlio mdogo, «pwa», wa mdomo unaofunguka na kufyonza, kisha kimya. Nilingoja amteme nyungunyungu. Hakumtema. Matamvua ya kulia yalirudi yote kufikia wiki ya saba. Ya kushoto, upande uliokuwa na usufi, yameota mafupi kidogo mpaka leo, na mtoto anasema ni kama nywele zilizonyolewa na fundi aliyekuwa anaangalia mpira.